Kabla Bariyeri Haijatusomea Sheria: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Madini

Walikale-centre, Kivu Kaskazini

Mheshimiwa Louis Watum Kabamba, Waziri wa Madini, Kinshasa,

Mimi ni karani. Kwa miaka zaidi ya kumi na miwili nimeandika hesabu za negosian (mnunuzi wa kati) mmoja wa kasiteriti, yaani mawe ya bati: magunia yaliyoingia, kilo zake, jina la shimo, namba ya etiketi, deni la mchimbaji, deni la mbebaji. Nimezaliwa Masisi, upande wa Lushebere, nikashuka Walikale kufuata kazi kama walivyofanya wengi kabla yangu. Sina shimo, sina kooperative, sina chama cha siasa. Nina daftari. Na kwa kuwa nilimaliza sekondari, nina Kifaransa kidogo, na hicho Kifaransa kidogo ndicho kilichoniingiza katika jambo hili.

Mwisho wa Februari 2025 tulikuwa depo, Mubi, tunapima. Mvua ilikuwa imetufungia ndani. Kijana mmoja aliyekuwa amepata mtandao akaingia na simu, ndani yake picha za karatasi: arete ya Wizara yako, yaani amri ya waziri, ya mwezi huohuo, iliyotoka wakati wa mtangulizi wako, Mheshimiwa Kizito Pakabomba. Picha zilikuwa zimepigwa na kurushwa mara nyingi hadi herufi zimevimba. Ukurasa mmoja ulikatwa pembeni, mwingine ulikuwa na kivuli cha kidole. Wachimbaji wawili, mbebaji mmoja na mama anayetuuzia chai wakaacha walichokuwa wakikifanya.

"Karani, inasema nini?"

Nikawaambia: inasema mashimo 38 ya Masisi na Kalehe yametiwa rangi nyekundu, na biashara ya madini yake... hapo nikasita. Neno la Kifaransa lilikuwa moja tu, lakini kinywani mwangu yalikuja mawili, "imesimamishwa" na "imefungwa". Nikachagua la kwanza. Mchimbaji mmoja akauliza, "Imefungwa?" Mwenzake akamjibu kabla yangu, "Si amesema imefungwa!" Chai haijapoa, Mubi nzima ikawa inajua kwamba madini yamefungwa, na ya kwetu yamo.

Ya kwetu hayakuwamo. Walikale haimo katika orodha ile. Nilirudia kuisoma usiku, kwa tochi, nikikuza picha kwa vidole viwili. Nikatoka asubuhi kuwaambia watu, lakini bei ilikuwa imeshaanguka tangu jioni, na negosian wa jirani alikuwa anamwambia kila mchimbaji, "Nakununulia kwa huruma tu, haya sasa ni mekundu." Siku ya tatu akarudi mbebaji wetu. Kwenye bariyeri moja, ambayo sitaitaja wala sitataja sare ya aliyesimama pale, aliambiwa kwamba arete mpya ya Kinshasa inataka kila gunia la Walikale lilipe pesa ya rangi. Akalipa. Nilipomwomba risiti ya kuingiza daftarini alinionyesha kiganja kitupu.

Hakuna arete yenye kodi ya rangi, Mheshimiwa, wewe unajua na mimi najua. Lakini yule mbebaji angejibu nini? Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na mfasiri wake siku hiyo alikuwa mtu wa bariyeri.

Nakuandikia kwa jambo hilo moja. Wengine watakuandikia kuhusu vita, na wana haki.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 142, inasema Serikali itasambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu rais anapoitia saini. Lugha hizo zimetajwa katika kifungu cha kwanza kabisa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Neno lililotumika halina "ikiwezekana" wala "fedha zikipatikana". Sheria ya madini, ile namba 007 ya 11 Julai 2002, ilifanyiwa marekebisho makubwa na sheria namba 18/001 ya 9 Machi 2018. Hesabu siku 60 kutoka hapo: tunaangukia mapema Mei 2018. Katika miaka yote tangu tarehe hiyo nimeingia ofisi za sekta, za teritware, za kooperative, depo za wanunuzi, sakristia mbili na shule moja yenye maktaba. Kodeksi ya Kifaransa nimeiona mara kadhaa, nyingine imeliwa na mende. Ya Kiswahili sijaiona hata mara moja.

Najua utakachoniambia, au watakachokuambia washauri wako: arete si sheria, na kifungu cha 142 kinasema sheria. Sawa. Nimekubali hoja hiyo kabla haijaletwa. Lakini mchimbaji wa Masisi hakamatwi na kodeksi, anakamatwa na arete. Kodeksi inasema kutakuwa na zoni za uchimbaji wa mikono. Arete ndiyo inayosema zoni iko wapi. Utaratibu wa nchi za Maziwa Makuu unasema shimo litapewa rangi, kijani, manjano au nyekundu. Arete ndiyo inayoipaka. Kama sheria mama inastahili kusomwa kwa Kiswahili, mtoto wake anayekuja kugonga mlango usiku anastahili zaidi.

Baada ya mambo ya Mubi, watu wakaanza kuja kwangu jioni na vifungu. Kila mmoja alikuwa na chake alichosikia. Tukaamua kununua daftari jingine, kurasa 96, na kutafsiri wenyewe, tukianzia na yale yanayomgusa mtu wa shimo. Tulikaa nyuma ya depo, watano au sita, mara nyingine kumi kama hapakuwa na mpira kwenye redio. Naomba univumilie nikueleze kazi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba haihitaji profesa.

Neno la kwanza kututesa lilikuwa "redevance". Mimi nilijua kwamba vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinasema mrabaha. Nikalisema. Wakanitazama kama nimetaja ugonjwa wa ng'ombe. Nikaeleza: ni pesa ambayo kampuni inalipa kwa sababu imetoa kitu ardhini ambacho hakirudi. Mzee mmoja, PDG (mkuu wa shimo) aliyechimba Bisie tangu siku za kwanza, akasema, "Hiyo ni ya mwenye udongo." Ikaandikwa hivyo: pesa ya mwenye udongo, na pembeni nikaweka mrabaha kwa ajili ya watu wa ofisi. Kisha nikawasomea kifungu cha 242: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au usultani ambako madini yanatoka, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kukawa kimya. Si kwamba hawajui hesabu. Watu hawa wanagawa faida ya shimo kwa mafungu saba bila kalamu. Walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba sekta ya nyumbani ina fungu lake kwa jina. Kijana mmoja akauliza swali ambalo sijapata jibu lake: "Hiyo 15 inabandikwa ukuta gani?"

Neno la pili lilikuwa lile ambalo wazungu wa minyororo ya madini wanalipenda kuliko yote, "diligence raisonnable". Tulilizungusha jioni mbili. Uangalifu unaofaa? Bidii ya wastani? Mbebaji, yuleyule wa kiganja, akasema: "Yaani uulize gunia limetoka wapi kabla hujalibeba." Sijaona tafsiri bora zaidi, na nimesoma waraka wa OECD.

Kifungu cha 110 kilitupeleka mbali zaidi. Kinasema zoni ya wachimbaji wa mikono inapofungwa, kooperative iliyomo ijulishwe, na wachimbaji wapewe siku 60 za kuondoka. Mzee wa Bisie akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Sitini?" Nikasema sitini. Akacheka kwa namna ambayo sikuipenda, halafu akaanza kuhesabu kwa sauti miaka ya mwisho ya ujana wake.

Wewe unaijua Bisie kwa namba zake za leo, lakini ngoja nikukumbushe ilikuwaje. Kasiteriti ilionekana pale mwaka 2002, ndani ya msitu, mbali na barabara. Ilitoka mgongoni: gunia la kilo 50, mwendo wa siku mbili kwenye matope hadi Njingala, halafu pikipiki au gari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe na wenye magari wakangoja pembeni. Kaka yangu mkubwa alibeba. Bega lake la kushoto hadi leo ni la mtu mwingine. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marekani ilikuwa imepitisha sheria yake ya Dodd-Frank miezi miwili kabla, yenye kifungu cha 1502 kinachozitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa kueleza kama madini yao yametoka kwetu. Kuhusu Dodd-Frank kaka yangu hakusikia. Kuhusu kusimamishwa alisikia akiwa njiani, na gunia mgongoni, kutoka kwa watu waliokuwa wanarudi. Akalitua pale alipokuwa. Siku 60 za kifungu cha 110 zilikuwamo katika kodeksi tangu 2002; angezidai vipi na hazijasemwa mbele yake? Njingala ikakauka. Chumvi ikapanda. Ndege zikaacha kutua. Huku nyuma, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyokuja kuandika, wanajeshi waliokuwa shimoni waliendelea kuchimba. Machi 2011 marufuku ikaondolewa, nayo tukaisikia njiani.

Mzee alipomaliza kuhesabu akasema nisiandike neno lolote hapo, niache mstari mtupu. Nimeuacha.

Naleta ya Marekani kwa sababu ina upande wa pili ambao watu wetu hawaujui, na mimi niliujua kwa bahati, kupitia mwanasheria mmoja aliyelala kwenye nyumba ya wageni tunayopanga. Kifungu kile cha 1502 kilizitaka kampuni ziandike, kwa maneno yaliyopangwa na serikali, kwamba bidhaa zao hazijathibitika kuwa hazina uhusiano na vita vya Congo. Chama cha wenye viwanda wa kule kikaenda mahakamani. Aprili 2014, mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba kuilazimisha kampuni kujitangaza kwa maneno hayo ni kuvunja uhuru wake wa kusema, na Agosti 2015 ikasisitiza uamuzi wake. Waliendelea kudaiwa taarifa nyingine, lakini lile tangazo la kujiaibisha liliondoka.

Sina ugomvi na majaji wa Washington. Huenda kwa katiba yao wana haki. Nilichokifikiria usiku ule ni gunia. Gunia la mchimbaji wa Masisi linabeba maneno ambayo hakuyaandika, kwa lugha asiyoisoma, na hakuna mahakama atakayoiendea kusema yanamlazimisha kusema asichokisema. Kampuni ilipewa nafasi ya kubishana juu ya neno moja kwa miaka. Yeye hajaambiwa neno lenyewe ni lipi.

Na hapa Walikale pia tuna mfano ulio karibu na macho. Tarehe 13 Machi 2025, waasi wa M23 wakija kutoka upande wa Masisi, kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi Bisie na kuwaondoa watu wake. Mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, na hisa zake zinauzwa Toronto na Johannesburg. Kwa kuwa zinauzwa huko, sheria ya masoko hayo inataka mwenye hisa aambiwe upesi na kwa maandishi. Akaambiwa siku hiyohiyo. Siku sita baadaye Walikale-centre ikaanguka. Mama anayeuza sombe kijijini Logu, jirani na mgodi, aliipata taarifa yake kutoka kwa miguu ya waliokimbia. Waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, kampuni ikatangaza tarehe 9 kwamba inarudi hatua kwa hatua. Mwenye hisa akaambiwa tena. Sisi tulijua kazi imerudi tulipoona malori.

Siilaumu kampuni kwa kuwatii wenye hisa. Nasema tu kwamba kumbe inawezekana. Mtu aliye ng'ambo ya bahari anaweza kujulishwa, siku hiyohiyo, kilichotokea katika msitu wa Walikale, mradi kuna sheria inayosema lazima ajulishwe na mtu wa kumwajibisha asiyefanya hivyo. Sheria hiyo sisi tunayo. Ni kifungu cha 142. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika.

Sasa niseme kuhusu Rubaya, mji wa koltani kule Masisi, ingawa moyo wangu unakuwa mzito, maana huko nina shangazi na binamu na sitaandika chochote kitakachowafikia vibaya. M23 waliichukua Rubaya tarehe 30 Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi walianzisha utawala wao wa madini na vibali vyao: dola 25 kwa mwaka kwa mchimbaji, dola 250 kwa mfanyabiashara, na ushuru juu ya koltani uliowaingizia si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Koltani hiyo ikavuka kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Ukiulizia huku Walikale, hata mtoto atakutajia zile 25 na 250. Waulize karte ya mchimbaji ya Jamhuri inapatikana ofisi gani, ina muda gani, na kwa nini lazima kwanza uwe ndani ya kooperative iliyokubaliwa, watakutazama. Ninasema kwa uchungu: sheria ya mwenye bunduki ilifika kwa lugha ya watu siku ya kwanza, na ya Jamhuri bado iko njiani tangu 2018.

Rangi nyekundu ninaielewa. Shimo lililo chini ya bunduki lisiuze kwa jina la Congo. Hilo hata mama wa chai anakubali. Kasoro ni kwamba nyekundu inamuuma anayetii tu. Aliyeishika Rubaya hahitaji cheti cha Kinshasa, gunia lake linapata etiketi nyingine ng'ambo. Anayekosa ni mchimbaji aliyekimbia Masisi na karte yake mfukoni, akafika Walikale, akaambiwa na mnunuzi, "Wewe ni wa Masisi, wewe ni mwekundu." Nimelisikia kwa masikio yangu, depo, Agosti. Rangi ya shimo imehamia kwa mtu. Arete haikusema hivyo. Lakini nani atamwonyesha mnunuzi mstari unaothibitisha kwamba haikusema hivyo? Na tarehe 3 Novemba 2025 wewe mwenyewe umeirefusha kwa miezi sita. Safari hii picha zilifika na herufi nzuri zaidi, nakushukuru. Bado zilikuwa za Kifaransa.

Mheshimiwa, ninayoyaomba si makubwa na sitayapanga kama wanavyoyapanga watu wa miradi. Ukitia saini arete inayogusa shimo, fungu la Kiswahili litoke pamoja nayo, siku ileile, lenye saini ileile. Mashimo yatajwe kwa jina la karatasi na kwa jina la watu, maana mashimo yetu yana majina mawili, na kati ya hayo mawili ndipo mtu wa bariyeri anapofanyia kazi yake. Isemwe waziwazi nani hahusiki: "Walikale haimo" ni maneno mawili, yangemwokoa mbebaji wetu. Na isemwe kwamba mchimbaji mwenye karte halali, shimo lake likitiwa nyekundu, anabaki na karte yake na anaweza kuingia katika kooperative ya kwingine. Kisha isomwe redioni, Radio Okapi na redio ndogo za huku, asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Redio inafika ambako barabara haifiki. Hata aliye ndani ya shimo kuna mtu juu anayemsikilizia.

Zile asilimia 15 za sekta, na ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni inapaswa kuitenga kwa ajili ya maendeleo ya jamii, zibandikwe kwa tarakimu na kwa Kiswahili kwenye ukuta wa ofisi ya Bakano na ya Wanianga. Kijana aliniuliza ukuta gani. Nimemchagulia.

Tafsiri ya kodeksi nzima ni kazi kubwa zaidi, lakini haianzi sifuri. Jirani zetu Watanzania walibadili sheria mwaka 2021 wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zao. Wanasheria wao wana maneno tayari, mengine mazuri, mengine ya kutafunia mawe. Sisi tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tuwaulize. Halafu walete maneno hayo huku yapimwe na watu wa shimo. Mrabaha wao utakutana na pesa yetu ya mwenye udongo na mmoja atashinda.

Kuna wanaosema wakati si huu. Masisi haiko mikononi mwa Serikali, tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Congo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington, Doha Serikali na M23 wanazungumza, tungoje. Na tangu 6 Mei 2021 tumo katika hali ya dharura, kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi, mambo mengi yamesimama. Mimi naona kinyume. Mtu wa Lushebere hawezi leo kufikiwa na mkaguzi wako wala na SAEMAPE, idara ya kuwasimamia wachimbaji wadogo, wala na gavana aliyeteuliwa na Kinshasa. Sauti inaweza kumfikia. Kama Jamhuri haiwezi kumpa kitu kingine mwaka huu, impe sheria yake, kwa lugha yake, ajue siku watakaporudi watu wenye sare za taifa ni nini wanaruhusiwa kumdai na nini hawaruhusiwi. Huyo ndiye atakayekushitakia watu wako mwenyewe watakapokosea.

Daftari letu limefika ukurasa wa 41. Tunalo la kuchimba, la kununua, la kubeba, la watoto kutokuwamo shimoni, la kooperative, la kufungwa kwa zoni. Tumekwama kwenye mikataba ya kampuni na wenyeji, kwa sababu vifungu vyake ni virefu na mwenye tochi amehama. Ukimtuma mtu wa Wizara, aje na Kifaransa chake akae nasi nyuma ya depo jioni tatu, tutamaliza. Chai ipo. Asije na gari lenye bendera. Barabara ya Mubi haitaki, na watu watadhani amekuja kufunga.

Kuna neno moja ambalo hatujaliandika bado. Ni lilelile la Februari, "suspension". Nafasi yake iko ukurasa wa 7, na mbele yake nimechora mstari. Wazee wanataka niandike "kusimamisha kwa muda". Vijana wanasema nisiandike mpaka atakayelitumia aseme muda gani. Tumekubaliana nikuulize wewe.

Wako katika utumishi,

Karani wa depo, Mubi